Umeme Unaounganisha Kaboni: Maswali Yenu na Majibu

Shikamoo mwalimu. Darasani elektrolisisi (kupitisha umeme kwenye kimiminika ili kuleta mabadiliko ya kemikali) ni ya shaba na maji ya chumvi tu. Je, inaweza kuunda molekuli za kaboni? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kigoma mjini)

Marahaba, mwanangu. Inaweza, tena tangu zamani. Miaka ya 1840, Mjerumani Hermann Kolbe alipitisha umeme kwenye chumvi za asidi ogania (asidi zenye kaboni). Kwenye anodi (ncha chanya) kila molekuli ilipoteza elektroni moja, ikatoa kaboni dayoksaidi, na mabaki yakashikana mawili mawili, kaboni kwa kaboni. Mwaka 1965 kampuni ya Monsanto, Marekani, ilianza kuunganisha molekuli za akrilonitrili (kemikali yenye kaboni) kwenye kathodi (ncha hasi) kiwandani, ipate malighafi ya nailoni. Inanisikitisha kwamba vijana wengi humaliza shule bila kulisikia hili.

Kwa nini njia hii huitwa ya upole? (Mwalimu wa kemia, Kibondo)

Kwa sababu elektroni zenyewe zinafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kemikali kali. Ukitaka kuoksidisha alkoholi (kuinyang'anya elektroni) kwa njia ya kale, utatumia kromiamu(VI), ambayo husababisha saratani na huacha taka yenye sumu. Ukitaka kuongeza elektroni, pengine utashika sodiamu, ambayo huwaka hata kulipuka ikigusa maji. Umeme mara nyingi hufanya kazi hiyo bila kupasha moto, na ukizima swichi mmenyuko unakoma.

Siri iko kwenye volti. Kila volti 1 inayosukuma elektroni inabeba nishati ya takriban kilojuli 96 kwa moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe). Volti mbili tatu ni nguvu kubwa, nawe unachagua kiasi unachotaka, kama fundi anayepunguza moto wa jiko. Ila lazima uyeyushe ndani ya kimiminika chumvi ya kupitisha umeme, na kuitenga baadaye ni kazi.

Natengeneza sabuni ya mawese. Umeme utanifaa? (Mama wa Ujiji)

Mama, unakufaa tayari: kostiki soda unayonunua hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Asidi palmitiki iliyomo kwenye mawese ina kaboni 16. Kwa njia ya Kolbe ungepata haidrokaboni (kaboni na haidrojeni tu) ya kaboni 30, kitu cha nta, wala si sabuni.

Nakuomba sana, usijitengenezee kostiki nyumbani kwa betri na chumvi ya Uvinza. Hutoka klorini, inayounguza mapafu, pamoja na haidrojeni inayolipuka.

Betri ya sola ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) ingetosha kazi gani? (Fundi, Kasulu)

Moli moja ya elektroni ni Ah 26.8, kwa hiyo betri yako ina takriban moli 3.7. Kwa hesabu ya karatasini, hizo zinatosha asidi palmitiki karibu kilo moja kwa njia ya Kolbe. Kwa vitendo itakuwa pungufu, maana sehemu ya umeme hupotelea kwenye mimenyuko mingine, na betri haifai kumalizwa yote. Hilo, fundi, unalijua vizuri.