Anza na kisima cha juu

Wiki iliyopita nilimkuta kijana wetu wa mafunzo ameshazamisha beila, kile kichoteo chetu kinachoshushwa kwa kamba, kwenye bwawa la lichati, yaani maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka, kabla hatujamaliza kushusha vifaa. Nikamuuliza mbona kaanzia huko. "Dada, si ndiko gari limesimama?" Nilinyamaza kidogo, maana jibu hilo hilo niliwahi kulitoa mimi. Wadogo zangu mnaoanza kuchota sampuli za maji kwenye madampo, kaeni hapa tuongee.

1. Kisima cha juu kwanza, lichati mwisho. Unaanza na kile ambacho maji yake hayajapita chini ya taka, unafuata visima vya chini, kisha mto, ndipo bwawa. Kila mmoja wenu amefundishwa hivyo darasani na kila mmoja wenu anasahau jua likiwaka.

Mimi nilisahau nikiwa na miezi minne kazini. Dampo lilikuwa kwenye mteremko, chini yake nyumba za watu na visima vifupi vya kuchota kwa ndoo. Tulikuwa na beila moja na kamba moja ya nailoni. Nikachota lichati kwanza, nikaisuuza beila mara mbili, nikaiona imetakata, nikapanda nayo kisima cha juu. Kamba sikuigusa. Ilikuwa nyeupe, lakini mita ya mwisho ilishageuka rangi ya chai ya rangi, na nikaizamisha hivyo hivyo kwenye kisima kilicho safi kuliko vyote.

Fanyeni hesabu. Lichati inaweza kubeba amonia miligramu 1,000 kwa lita. Kijiko kimoja cha chakula, mililita 15, kikibaki kwenye kamba na kuingia katika lita moja ya sampuli, umeshaongeza miligramu 15. Majibu ya maabara yalipokuja, kisima cha juu na cha chini vilikaribiana kwa amonia. Nami nikaandika kwa mkono wangu kwamba hakuna tofauti ya maana, amonia ni ya asili ya eneo. Ripoti ikasainiwa.

Kulikuwa na mama mmoja pale chini ambaye kila tukienda alitupa kivuli cha mwembe wake. Aliniuliza, "Mwanangu, maji yetu yakoje?" Nikamwambia yako sawa na ya wengine. Miezi mitatu baadaye msimamizi wangu alikwenda mwenyewe, na beila mbili na kamba mbili. Kisima cha juu kilikuwa safi kabisa. Cha chini ndicho kilichokuwa na amonia. Tulirudi kwa yule mama nikamweleza, sikumficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza, akamwita mjukuu wake akamwambia amwage maji ya mtungini. Nilisimama pale nikiyaangalia yakilowanisha mchanga. Miezi mitatu walikuwa wameyanywa kwa neno langu.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa katikati yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Moshi na harufu viliingia kila nyumba, kila mtu alikuwa shahidi. Maji ya chini ya ardhi hayana shahidi wa namna hiyo. Shahidi ni chupa yako, na ukiharibu kisima cha juu umewanyang'anya watu kesi yao.

2. Toa kwanza maji yaliyolala kisimani. Pima kina kabla hujagusa chochote. Bomba la kisima lenye kipenyo cha milimita 50 lina karibu lita 2 kwa kila mita, kwa hiyo mita 12 za maji ni lita 24, na ukitoa mara tatu ni lita 72. Najua mikono inauma. Endelea mpaka pH (kipimo cha uchachu) na kondaktiviti (jinsi maji yanavyopitisha umeme) zitulie. Kisima kikikauka, kiache kijae, kisha chota.

3. Kwa metali zilizoyeyuka, chuja kwanza, asidi ya kuhifadhi sampuli baadaye. Ukitanguliza asidi unayeyusha tope na kulipima kama maji.

4. Huku pwani kloridi, ile ya chumvi, peke yake isikudanganye kuwa ni lichati, maji ya bahari nayo yanaingia visimani. Isome pamoja na amonia na potasiamu. Chuma na manganizi vikipanda, usikimbilie kusema vimetoka kwenye mabati yaliyotupwa: lichati inamaliza oksijeni ardhini, na udongo wenyewe unaviachia.

5. Naitreti: miligramu 50 kwa lita ikiandikwa kama naitreti ni kiasi kile kile cha karibu 11 ikiandikwa kama nitrojeni. Soma kichwa cha jedwali kabla ya kumtisha mtu au kumtuliza.

6. Mtoni unachota mahali pawili, juu ya dampo na chini yake. Fikirieni Dandora, Nairobi, dampo lililofunguliwa miaka ya sabini. Mto Nairobi unafika pale ukiwa umeshapita mjini na uchafu wa watu wengine wengi, sasa chupa moja ya chini itakuambia nini kuhusu dampo? Simama ukitazama maji yanakotoka, chupa mbele yako, miguu yako isitibue tope. Na nenda pia mvua za kwanza za masika zikinyesha, hata kama gari litakwama. Letu lilikwama mara mbili mwaka mmoja, wanakijiji wakatusukuma, na sampuli za siku hizo ndizo zilizotuonyesha mfereji uliokuwa ukipeleka lichati moja kwa moja mtoni. Kiangazi tungeuona mkavu tukaupita.

7. Barafu ya kupoozea sampuli itoshe mpaka maabara, siyo mpaka barabara kuu.

8. Andika kwa penseli, hapo hapo kisimani. Wino unayeyuka, na kumbukumbu ya jioni inajaza nafasi kwa inavyotaka.

Sasa hivi beila ya lichati tumeifunga kamba nyekundu na inakaa kwenye ndoo yake yenye mfuniko. Alhamisi tunarudi kule, na yule kijana ndiye nitakayempa kamba nyeupe.