Kabla hujaitukana laini ya ofensi, acha kwanza kuangalia mpira

Hii nawaandikia ndugu zangu wa Columbus na Ohio kwa ujumla, pamoja na nyie mliotawanyika Kentucky, Iowa na Texas huko, ambao watoto wamewaingiza kwenye mpira wa Kimarekani wa vyuo na sasa kila Jumamosi simu hazipoi, magrupu yanawaka, "laini mbovu", "laini takataka", "kocha wa laini aondoke leo leo". Mi ni shabiki wa timu ya chuo cha Ohio State, sijifichi. Na msimu wa 2024 ndo uliofanya nianze kuifuatilia laini kwa umakini, maana laini ya mwaka ule ilivunjika katikati ya safari, ikaungwaungwa, ikatukanwa na mji mzima, afu ikabeba ubingwa wa taifa ikiwa bado imeungwaungwa hivohivo.

Kwa wageni haraka haraka: laini ya ofensi ni wale watano wa mbele wa timu inayoshambulia, yaani yenye mpira; wanaozuia ndo difensi. Katikati yupo senta, ndo anayetoa mpira kwa kuupitisha kati ya miguu yake, pembeni yake magadi wawili, na nje kabisa matakoli wawili. Wengi wao wanavuka kilo 130, wanavaa namba kati ya 50 na 79, na kwa kawaida sheria haiwaruhusu kudaka pasi ya mbele. Kazi yao ni kumlinda kwotabeki (yule anayepokea mpira kwa senta na kurusha pasi) na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Magoli hawafungi, takwimu zao kwenye televisheni huzioni, jina lao unalisikia siku refa akiwasha maiki na kutangaza namba ya mmoja wao kwamba kashika mtu, rudini nyuma yadi 10. Kwahiyo mtu anayefuatilia kwa masikio tu lazima aamini hawa watu ni wabovu siku zote.

Sasa shida yetu sisi tuliokulia kwenye Simba na Yanga ni kwamba macho yamezoea kufuata mpira, na kamera ya televisheni nayo inafuata mpira, kwahiyo kile kinachotokea mbele pale sekunde mbili za kwanza kinakupita kabisa. Ushauri wangu wa kwanza, rekodi mechi. Angalia live upige kelele zako kama kawaida, afu kesho yake rudia robo moja tu, na kila pleyi (yaani kila shambulio moja, toka mpira unapotoka mpaka filimbi) chagua mtu mmoja, mmoja tu, umwangalie yeye mpaka filimbi. Anza na takoli wa kushoto kwasababu kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia upande ule haoni, na yule jamaa mara nyingi yuko peke yake na mtu wa difensi mwenye mbio anayekuja kumwangusha kwotabeki.

Angalia miguu yake, achana na mikono. Kwenye pasi anatakiwa arudi nyuma kwa mshazari, mguu wa nje unatangulia, makalio chini, mgongo umenyooka. Ukiona ameanza kuinama kiunoni na kichwa kimetangulia mbele ya magoti ujue kaishiwa, yule wa difensi atamvuta mkono na kupita. Na ukiona anafanya hivo robo ya nne tu wakati robo ya kwanza alikuwa sawa, hiyo ni pumzi, sio kipaji. Kwenye pleyi ya kukimbia ni kinyume chake, hatua ya kwanza ni fupi na inaenda mbele au pembeni, akianza kwa kusimama wima basi pleyi imekufa hata kabla mkimbiaji hajapokea mpira.

Ushauri wa pili, huu ndo mkubwa na ndo unaowashinda wengi. Kwotabeki akiangushwa akiwa bado ameshika mpira, yaani ikiwa saki, usiulize nani mbovu. Uliza yule aliyemwangusha aliguswa au hakuguswa? Kama aliguswa, wakapambana, akamshinda mtu, sawa, hapo kuna mtu kashindwa na jina lake unalo. Ila kama alipita bila kuguswa na mtu yeyote, hiyo karibu kila mara sio suala la nguvu, ni mawasiliano. Kabla ya mpira kutoka senta na kwotabeki wanaonyeshana linibeka yupi (mtu wa difensi anayesimama nyuma ya laini yao) ndo wa kuhesabia, kutoka kwa huyo kila mtu anajua wa kwake nani, na anayebaki anachukuliwa na mkimbiaji anayesimama pembeni ya kwotabeki. Wakihesabu tofauti, watu wawili wanamkaba mmoja na mwingine anapita mlangoni kama mwenye nyumba. Na hapo kosa linaweza kuwa la senta, la kwotabeki mwenyewe, la mkimbiaji, au hata la pleyi yenyewe ambayo toka mwanzo haikuwa na watu wa kutosha na kwotabeki alitakiwa arushe upesi. Zile saki za kwotabeki kukaa na mpira sekunde nne anatafuta mtu, hizo msiwape watu wa laini jamani, hakuna binadamu wa kumzuia binadamu mwingine wa vile kwa muda huo wote.

Ugenini ongeza kelele. Pale Oregon au Penn State sauti ya kwotabeki haisikiki, kwahiyo gadi anageuza kichwa kumwangalia kwotabeki nyuma, akipata ishara anampiga senta kibao kidogo, senta anatoa mpira. Matakoli kule nje hawana cha kusikia, wanaangalia mpira kwa jicho la pembeni na wanachelewa kidogo, au wanaogopa kuchelewa wanaondoka mapema, yadi 5 nyuma. Ukimlaumu takoli kwa hilo bila kusema walikuwa wapi unamuonea.

Turudi 2024 sasa. Tarehe 12 Oktoba kule Oregon, mechi tuliyopoteza 32 kwa 31, takoli wa kushoto Josh Simmons akaumia goti, msimu ukaishia hapo. Akaingia Zen Michalski, naye mechi ya Nebraska iliyofuata akaumia, tukashinda 21 kwa 17 kwa tabu kweli. Ikabidi Donovan Jackson, gadi wa kushoto, asogee nje awe takoli, na Carson Hinzman aliyekuwa senta 2023 akaziba pengo la gadi. Afu Novemba, siku chache kabla ya mechi ya Indiana, senta Seth McLaughlin akakatika mshipa wa kisigino mazoezini, Hinzman akarudi senta, gadi akatafutwa mwingine. Hesabu mwenyewe, nafasi tatu kati ya tano zimebadilika, na zote tatu zimeshikana! Upande wa kulia tu ndo ulibaki na watu wake, Josh Fryar na Tegra Tshabola (jina ambalo Mkongo yeyote akilisikia kwenye spika lazima ageuze shingo).

Mtu anakwambia si wamebadilishana nafasi tu, wote wanajua kucheza. Hapana bana. Laini ni kama watu watano wanaopandisha kochi ghorofani, hata wote wawe mabaunsa, kama jana hamkubeba pamoja kuna mmoja atakata kona mapema na wote mtaonekana wajinga. Gadi na takoli wanapokezana watu, difensi inawavuruga kwa kupishanisha, mmoja anaingia ndani mwingine anazunguka nje, na nyie mnatakiwa muachiane bila kusema neno. Hiyo inajengwa na miezi ya kusimama begani kwa mtu yuleyule. Wale wanaosema "hata akiumia mmoja tunao wengine" wanaongea habari ya wachezaji wa pembeni, huku mbele haiko hivo.

Angalia mechi ya Penn State, tarehe 2 Novemba, mbele ya watu zaidi ya 110,000. Jackson anapewa Abdul Carter, mtu ambaye baadae alichaguliwa wa tatu kwenye drafti ya 2025, pale timu za ligi ya kulipwa ya NFL zinapochagua vijana wa vyuo. Mwanzoni Carter alimtesa kweli, na grupuni kwetu tayari watu walishaandika tanzia. Ila mwisho wa mechi, dakika tano zimebaki, tunaongoza 20 kwa 13, mpira tunao karibu kabisa na mstari wetu wenyewe, wakaamua kukimbia, wakakimbia tena, wakakimbia tena, pasi hamna, mpaka saa ikaisha. Laini ileile. Huo mfululizo wa pleyi, wenyewe wanauita drive, utafuteni muiangalie mkimkazia macho Jackson tu, utaona mtu anajifunza kazi mpya mbele ya macho yako.

Afu ikaja Michigan. Nyumbani, tarehe 30 Novemba, tukapigwa 13 kwa 10 na timu iliyokuja na kipigo mara tano msimu ule. Tulikimbia mara 26 tukapata yadi 77. Mji mzima ukasema laini. Mi niliirudia ile mechi nikiwa na hasira zangu, na maoni yangu sijayabadilisha: laini ilishindwa katikati, ndio, lakini pale katikati walikuwa wamesimama Mason Graham na Kenneth Grant wa Michigan, wote wawili raundi ya kwanza ya drafti, Graham namba 5 na Grant namba 13, na sisi kwa kiburi tukawa tunapeleka mkimbiaji kwenye kifua chao pleyi baada ya pleyi wakati nje tuna mdakaji kama Jeremiah Smith. Unachukua senta wa wiki mbili na gadi mpya, unawapeleka sehemu ngumu kuliko zote uwanjani, tena na tena, afu jioni unasema wao ndo wabovu? Kule kulikuwa na swali la aliyekuwa anachagua pleyi kabla ya swali la laini.

Ushahidi ni kilichofuata. Laini ileile ya viraka ikaingia mtoano, Tennessee 42 kwa 17, Oregon 41 kwa 21, Texas 28 kwa 14, na fainali Atlanta tarehe 20 Januari 2025 Notre Dame 34 kwa 23. Hakuna aliyepona ghafla. Kwotabeki wetu Will Howard alikuwa anaachia mpira mapema, Smith anatafutwa mapema, na difensi za watu zikishatanuka kwa kuogopa pasi, wakimbiaji wetu wakina Judkins na Henderson wanapata njia. Jackson akaenda raundi ya kwanza ya drafti, hata Simmons na goti lake bovu akaenda raundi ya kwanza.

La mwisho ni adabu. Huyo McLaughlin, kabla hajaja kwetu alikuwa Alabama, na kwenye Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 2024 walipofungwa na Michigan 27 kwa 20 snepu zake, yaani ile mipira anayoitoa kwa kwotabeki, zilikuwa chini chini, mpaka ile pleyi ya mwisho kabisa. Akabebeshwa lawama za jimbo zima. Miezi kumi na moja baadae kapewa tuzo ya Rimington, ya senta bora wa vyuo nchi nzima. Hawa ni vijana wa miaka 20, simu wanazo na wanasoma. Mseme pleyi, mseme hatua ya mguu, mama yake muacheni.

Mwaka 2025 kocha wa laini Justin Frye akaenda zake Arizona Cardinals ya NFL, akaja Tyler Bowen, matusi yakahamishiwa kwake hata mechi hajaanza vizuri. Mi kwenye grupu letu mtu akiandika "laini mbovu" namjibu maswali matatu tu: nani, pleyi ipi, na aliguswa au hakuguswa. Kuna shemeji yangu nilimuuliza hivo usiku wa Michigan, mpaka leo ananitumia emoji za kucheka tu.