Mazungumzo ya watu wawili: kamera iwekwe wapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini video yako ya watu wawili wanaozungumza inachosha ilhali kamera ni nzuri. Nahisi umepiga yote kwa umbali mmoja, kuanzia kiunoni kwenda juu.

Anza na picha pana, mtazamaji ajue wako wapi na nani kakaa upande gani. Kisha sogea: picha ya kati (kiunoni kwenda juu), halafu ya begani, yaani kamera iwe nyuma ya bega la mmoja ikimtazama mwenzake. Picha ya uso peke yake iwekee akiba neno zito. Ukiitumia kila mara inaisha makali.

Kwenye picha za begani ndipo wengi huharibu (mimi pia niliharibu sana). Chora akilini mwako mstari unaowaunganisha wazungumzaji, kamera ibaki upande mmoja tu, ndani ya nyuzi 180, yaani nusu duara. Ukiuvuka, wataonekana wote wanatazama upande uleule, kama abiria wa basi.

Kupiga kutoka chini humkuza mtu, kutoka juu humdunisha. Kwa mazungumzo ya kawaida, usawa wa macho unatosha. Halafu piga picha za mikono, kikombe, mlango. Zitakuokoa wakati wa kuhariri, ukitaka kufunika mahali ulipokata.