Usiing'oe Kucha ya Chatu Wako

Wiki ya tatu baada ya kuanza kumfuga chatu wangu wa kwanza, nilimgeuza tumbo juu nikiwa na kibano mkononi, tayari kung'oa nilichodhani ni kupe wawili waliojishikiza kandokando ya tundu lake la haja. Kilichonizuia ni ulinganifu wao: ukubwa mmoja, rangi moja, kila mmoja upande wake. Kupe hawajipangi namna hiyo. Zilikuwa kucha, masalia ya miguu ya nyuma waliyokuwa nayo mababu wa nyoka, na ndani ya mwili zimeungana na vijifupa vilivyobaki vya nyonga na paja. Dume huzitumia kumkwaruza jike wakati wa kupandana, na mara nyingi zake huwa kubwa zaidi, ingawa simshauri mtu aamue jinsia ya nyoka kwa kuzitazama tu.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba mfugaji mpya humdhuru chatu kwa kutibu kisicho ugonjwa kuliko kwa kumpuuza. Safu ya vishimo kwenye midomo, kwa mfano, si vidonda wala alama za kuumwa na panya. Ni viungo vya kuhisi joto, ambavyo humwezesha chatu kulenga windo lenye damu moto hata gizani, na havihitaji kupakwa dawa yoyote. Cha kuangalia ni kama ngozi ya zamani imenasa ndani yake baada ya nyoka kujivua gamba.

Macho ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Chatu hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, ambalo hutoka pamoja na ngozi nyingine. Siku kadhaa kabla ya kujivua, majimaji hujikusanya kati ya ngozi kuukuu na mpya, macho yakawa na ukungu wa kibuluu, rangi ya mwili ikafifia na tumbo likaonekana la waridi. Mara ya kwanza niliamini kwamba anapofuka, nikawa namshika kila saa kumkagua, jambo baya kabisa kumfanyia nyoka ambaye wakati huo haoni vizuri na ana kila sababu ya kuuma. Macho hung'aa tena kabla ngozi haijatoka. Mwache atulie, usishangae akikataa chakula, na uhakikishe boksi lake lina unyevu wa kutosha. Akimaliza, tafuta kwenye ngozi iliyovuliwa yale magamba mawili ya macho, yanayofanana na vioo vidogo vya miwani. Likikosekana moja, usilibandue kwa kucha wala kibano, kwa maana unaweza kuliharibu jicho lenyewe. Ongeza unyevu, na likiendelea kunata mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewafahamu reptilia.

Kupiga miayo baada ya kumeza ni kawaida, kwa kuwa anarudisha taya mahali pake. Mrija unaoonekana sakafuni mwa kinywa ni njia ya hewa, ambayo husogezwa mbele ili aendelee kupumua huku windo likiwa limemjaa kooni. Lakini chatu anayekaa kinywa wazi bila kula, akikoroma, akitoa mapovu au kamasi, anahitaji daktari bila kuchelewa.

Mabonge meupe kama chaki yanayotoka pamoja na kinyesi nayo ni mkojo tu, kwa sababu nyoka hutoa taka hizo zikiwa karibu kavu ili kuhifadhi maji. (Nilishawahi kumpelekea daktari bonge hilo ndani ya kopo, naye alijitahidi sana asicheke.)

Siku hizi, nyoka akiwa mzima, humpiga picha za karibu za midomo, macho, tumbo na eneo la kucha, kisha kila ninapotilia shaka jambo huzifungua hizo kwanza kabla ya kugusa kibano.