Mbele ya kulipa minervali (feza ya masomo), uliza: mutoto mwenye kubakia nyuma munamufanyaka nini?

Mwezi wa munane huku Lubumbashi matangazo ya masomo (shule) inajaa kila fasi, kuanzia Katuba mpaka Bel-Air, ku bikuta, ku poto ya kura (umeme), ata nyuma ya taksi. Kingereza tangu materneli, basi ya kubeba batoto, informatike, pisine (ya pisine miye ningali natafuta kuona maji yake). Bazazi banafika, banauliza bei, kisha banauliza asilimia ngapi banafaulu ENAFEP, ekzame ya taifa ya kumaliza primeri, Papa Direkta anajibu 100% na kila mutu anatoka na furaha.

Ile 100% muipokee polepole. Nilifundisha primeri myaka mingi mbele ya kuacha, na nimeona masomo zenye kuipata kwa njia ya mufupi sana, mutoto muzaifu akifika mu mwaka ya ine ao ya tano banaambia muzazi "huyu tutafutie fasi ingine", basi ku ekzame kunafika paka bale benye bangefaulu ata bila mwalimu. Ni hesabu, si kufundisha.

Njo maana miye swali yangu ni moja: mutoto mwenye kubakia nyuma munamufanyaka nini? Uliza ivyo ivyo, kisha nyamaza. Wakikujibu "atarudia mwaka", ile si jibu, juu mutoto atarudia ku mwalimu ule ule, ukurasa zile zile, tena akiwa na haya. Wakisema "kuko etidi ya mangaribi, unalipa pembeni", uliza nani anafundisha ile etidi. Mara mingi ni mwalimu ule ule wa asubui, tena amechoka, na niseme tu ukweli, kuko wenye banaacha somo katikati asubui juu bamalizie mu etidi ya kulipa. Jibu ya muzuri iko na siku, iko na saa, iko na mutu. "Siku ya ine kisha rekreasio mwalimu wa ya tatu anabaki na bale benye habajue kugawanya, wengine banaenda na mwenzake kusoma." Ukisikia vile, kaa kwanza, uendelee kuuliza.

Kisha omba kuona kaye (daftari). Si ile ya mutoto wa kwanza mwenye direkta anaweka mu tiruwari juu ya bageni, omba ya mutoto yeyote wa katikati. Fungua hesabu. Kama unakuta chini ya kila ukurasa biki nyekundu imeandika "Vu" (nimeona) na sinyatiri, na huku juu 47 kutosha 19 mutoto aliandika 32 na hakuna mwenye aliirekebisha, basi umesha kuona masomo yote. Ule mutoto alitosha 7 mu 9 juu alizoea namba kubwa inatosha ndogo, ni kosa ya kila siku, inarekebishwa kwa dakika chache na vijiti ao vizibo vya chupa mu mikono, lakini inaomba mutu asome kaye kweli.

Tena kuangalia mutoto kwa macho, ile haina bei. Nilikuwa na binti mumoja mu ya tatu, ya tablo alikuwa anakosa kila siku, ukimuuliza kwa kinywa anajibu mbele ya bote. Kutazama kaye yake: 8 anaandika 3, 6 anaandika 0. Nikamutosha banki ya nyuma nikamuweka mbele kabisa, namba ikakuwa sawa siku ile ile. Mama yake akaenda kumupimisha macho, akarudi na lineti. Basi uliza mwalimu, mutoto akikosa kila siku unaanziaka wapi? Mwenye atajibu "ni mvivu" bila kufikiri, miye simupatie mutoto wangu.

Kuhusu luga, bazazi tunajidanganya sana. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali mutoto aanze na luga ya taifa, na huku kwetu ni Kiswahili, lakini masomo mingi ya privé inaanza na Kifaransa siku ya kwanza na sisi njo tunaifurahia. Sawa, lakini uliza kama mwalimu anaruhusiwa kueleza kwa Kiswahili wakati mutoto hajasikia. Kuko batoto nilibapa problemu ya soko kwa Kifaransa bakatazama dirisha, ile ile kwa Kiswahili bakamaliza mbele yangu. Masomo yenye kuazibu mutoto juu alisema Kiswahili mu rekreasio, pita.

Masomo ya Leta (serikali) musiizarau. Katiba ya 2006 ilisemaka primeri ya Leta ni bure, njo tangu rantre ya 2019 ikaanza kutumika kweli, na batoto benye bangebaki nyumbani bakaingia. Ila kalasa zikajaa, banki moja batoto bane ao batano. Kule uliza vakasio (zamu ya asubui ao ya kisha midi): mutoto mudogo akipewa ya kisha midi, mwezi wa kumi na lile joto, atalala ku banki na hakuna mwalimu atamulaumu. Nimeona pia mule bamwalimu benye akili, banaweka mwenye anajua karibu na mwenye hajue, na inasaidia kuliko mashine za informatike zenye kufunikwa kitambaa zinangoja kura irudi.

Vyoo usiulize, enda mwenyewe. Mulango inafungika ndani? Maji ya kunawa iko? Mvua zikianza na kolera inatembea huku, ile ni mambo ya lopitali, na binti wa ya sita hatabaki mu masomo yenye choo bila mulango.

Ya mwisho, uliza banadai minervali namna gani. Kuko kwenye banaandikia muzazi barua, kuko kwenye banasimamisha mutoto katikati ya enterogasio (jaribio) banamurudisha nyumbani. Ule mwenye kurudishwa kila wiki njo baadaye banasema ni muzaifu.

Ukisha kumuingiza, usingojee buleteni ya mwezi wa kumi na mbili. Kisha periode ya kwanza beba kaye mbili, ya hesabu na ya Kifaransa, enda saa batoto banatoka, si asubui ku lango mwalimu akiwa mbio, umuonyeshe ukurasa moja yenye makosa na umuulize hii tutaifanya namna gani, weye ku kalasa na miye ku nyumba.