"Extend" ya kwenye taksi za Kampala si ile ya kwenye kamusi

Mleta uzi unauliza kwa nini kondakta wa Kampala alikwambia "extend" wakati kamusi yako inasema ni kurefusha au kunyoosha. Hukusikia vibaya, mkuu. Hilo lilishanikuta.

Nilipohamia huku kutoka Tanga, siku ya pili tu nikapanda taksi pale Old Taxi Park (huku taksi ndiyo daladala, ile ya abiria 14). Nikakaa karibu na mlango, si unajua mgeni anavyoogopa kupitilizwa kituo. Akaingia mama na mtoto mgongoni. Kondakta akanigeukia: "Ssebo (yaani bwana), extend." Kwa Kiingereza changu cha shule nikajua anadai nauli, nikanyoosha mkono na noti ya 5,000. Gari zima likacheka. Yule mama akanisukuma kwa nyonga, nikajikuta nipo dirishani.

Basi Uganda "extend" ni sogea, jibane mwenzio akae. Mwingereza hapo husema "move over". Kwake "extend" inataka kitu kinachorefuka: mkono, muda, uzio, mkataba. Asili yake ni Kilatini, tendere, yaani kuvuta kitu kikakaza, na humo humo ndimo lilimotoka neno "tent", hema. Fikiria turubai linavyovutwa kwa kamba. Hata ekstensheni ya umeme ni hivyo hivyo: waya umeongezwa urefu, soketi ya ukutani haijahama.

Hapo ndipo nilipochemka mara ya pili, tena vibaya zaidi. Nilishazoea taksi, kichwani "extend" ikawa sogea. Tulikuwa na kikao na mteja wa nje Jumanne, bosi akasema kisogezwe hadi Alhamisi. Nikaandika "we extend the meeting to Thursday". Mteja akajibu akiuliza nani atalipia hoteli, maana alielewa tutakaa kikaoni siku tatu mfululizo! Nilitakiwa kuandika "postpone". "Extend the deadline" ni sawa kwa sababu muda unaongezeka, lakini kikao kilichoahirishwa hakirefuki.

Wapo watakaokwambia Waganda wanakosea. Mimi siwaungi mkono, kwenye taksi neno linafanya kazi na hakuna asiyeelewa. Ila kwenye barua pepe usilipeleke. Na kesho ukipanda, nenda dirishani mwenyewe kabla hujaambiwa.