Mwanamapinduzi au jambazi? Wasomaji wauliza kuhusu George Jackson

Toleo lililopita tuligusia maisha ya George Jackson, mfungwa Mweusi wa Marekani aliyepigwa risasi na kufa ndani ya gereza la San Quentin, California, tarehe 21 Agosti 1971. Barua zilizofuata zimegawanyika: wapo wanaomwita shujaa, wapo wanaomwita jambazi. Tumechagua tano.

Ndugu mhariri, acheni kumpamba. Huyu alipora kituo cha mafuta, akafungwa, akaua askari jela. Kusoma vitabu vya Marx kunamgeuzaje kuwa mwanamapinduzi? (Msomaji, Tanga)

Ndugu yetu wa Tanga, umetaja uporaji na mauaji kana kwamba vyote vina hukumu. Tuvitenganishe, maana hapo ndipo ubishi huu huharibika.

Uporaji, ndiyo. Mwaka 1960, akiwa na miaka 18, Jackson alikamatwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kwenye kituo cha mafuta Los Angeles. Fedha zilizochukuliwa zilikuwa kama dola 70. Alikiri kosa, na baadaye alieleza kwamba alifanya hivyo kwa kuahidiwa kifungo chepesi katika jela ya wilaya. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kupitia kituo cha vijana wahalifu cha Paso Robles. Katika hayo hakuna siasa, na anayemtetea asiitie.

Kuhusu askari, mambo ni mazito zaidi. Tarehe 13 Januari 1970 ulizuka ugomvi kati ya wafungwa Weusi na Weupe katika uwanja wa mazoezi wa gereza la Soledad. Askari wa mnarani aliwapiga risasi wafungwa watatu, wote Weusi: W. L. Nolen, Cleveland Edwards na Alvin Miller. Wote walikufa. Siku tatu baadaye jopo la wananchi wa wilaya ya Monterey liliamua kwamba mauaji hayo yalikuwa halali. Muda mfupi baada ya habari hiyo kufika gerezani, askari John Mills alipigwa na kurushwa kutoka ghorofa ya tatu ya jengo la seli, akafa. Walioshtakiwa ni Jackson, Fleeta Drumgo na John Clutchette. Jackson aliuawa kabla kesi haijasikilizwa. Wenzake wawili walisimama kizimbani, na Machi 1972 wakaonekana hawana hatia. Kwa hiyo kuhusu Mills unaweza kumshuku Jackson, lakini huwezi kuandika "aliua" kama mtu mwenye hukumu mkononi.

Sasa tuje 21 Agosti 1971, siku ambayo watetezi wake wengi huipita mbio. Jackson alitoka kuonana na wakili, akarudishwa katika jengo la wafungwa wanaotengwa. Hapo ikaonekana ana bastola ya milimita 9, na askari wakalazimishwa kufungua seli. Hadi jengo linarudi mikononi mwa serikali, watu sita walikuwa wamekufa: askari Paul Krasenes, Frank DeLeon na Jere Graham; wafungwa wawili Weupe waliokuwa wakihudumu jengoni, John Lynn na Ronald Kane; na Jackson mwenyewe, aliyepigwa risasi akikimbia uwanjani. Baadhi ya waliokufa walikatwa koo baada ya kudhibitiwa, na miili ikakutwa ndani ya seli ya Jackson. Askari wengine watatu walijeruhiwa vibaya wakapona.

Maelezo ya serikali juu ya bastola yana matundu makubwa. Ilidaiwa kwamba wakili Stephen Bingham aliiingiza ndani ya kinasa sauti, na Jackson akaificha chini ya nywele za bandia. Bingham alikimbia, akajificha miaka 13, akajisalimisha mwaka 1984, na mwaka 1986 mahakama ikamwachia huru. Nani aliyeingiza silaha ile, basi, hakuna hukumu inayosema. Swali hilo ni halali na linastahili kuendelea kuulizwa. Ila halijibu lile jingine: nani aliwakata koo watu wasioweza kujitetea? Wafungwa sita walishtakiwa kwa matukio ya siku ile. Kesi iliisha Agosti 1976, watatu wakatiwa hatiani na watatu wakaachiwa, na kwa mmoja wa waliotiwa hatiani hukumu ilikuja kutenguliwa.

Msimamo wetu tunausema wazi: kumchinja mtu uliyekwisha kumdhibiti ni jinai chini ya bendera yoyote. Lynn na Kane walikuwa wafungwa kama Jackson. Anayehubiri ukombozi wa wafungwa awataje na hao.

Na vitabu? Kusoma peke yake hakumfanyi mtu mwanamapinduzi. Kupanga watu ndiko kunakomfanya. Mwaka 1966, ndani ya San Quentin, Jackson na Nolen waliunda kundi la wafungwa Weusi lililokuja kujulikana kama Black Guerrilla Family. Walifundishana siasa na uchumi, wakajizoeza kupigana, na wakalenga kuuangusha mfumo uliowafunga. Hiyo ni kazi ya mwanamapinduzi, uipende usiipende.

Nimesoma kwamba kwa dola 70 alipewa "mwaka mmoja hadi maisha". Hukumu ya namna gani hiyo? Hakimu hakujua anachotoa? (Msomaji, Dodoma)

Hakimu alijua, ila sheria haikumpa nafasi ya kutaja muda. Tangu 1917 California ilikuwa na vifungo visivyo na ukomo maalumu. Mahakama ilitoa kiwango cha chini na cha juu kilichowekwa kisheria, na muda halisi ukaamuliwa na bodi ya serikali, ambayo wajumbe wake waliteuliwa na gavana. Nia ya awali ilikuwa njema: anayebadilika atoke mapema, asiyebadilika abaki.

Mfungwa aliitwa mbele ya bodi kwa vipindi, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, bila wakili. Mezani kulikuwa na faili lake: kosa la awali, ripoti za askari, maoni ya wataalamu wa gereza. Bodi iliweza kumpangia tarehe ya kutoka, kumwahirishia, au kuifuta tarehe iliyokwisha kupangwa. Ubovu wake uko hapa: askari aliyeandika ripoti hakuhojiwa na upande wa mfungwa. Katika magereza yaliyogawanyika kwa rangi, aliyejilinda na aliyeshambulia waliandikwa wote "amepigana". Na mfungwa aliyesema kwamba tatizo liko kwenye mfumo alionekana hajakiri kosa lake, hivyo hajabadilika. Jackson aligongana na bodi mwaka baada ya mwaka. Alikaa ndani miaka 11, zaidi ya 7 kati ya hiyo akiwa amefungiwa peke yake. Tuwe wakweli: faili lake halikujaa uonevu mtupu, alikuwa mtu wa kupigana kweli. Lakini hakuna mizani ya haki inayoweza kuzifanya dola 70 zilingane na miaka hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo lililomweka karibu na chumba cha gesi, yaani hukumu ya kifo. Kifungu cha 4500 cha sheria ya adhabu ya California kilisema kwamba mfungwa wa maisha akimshambulia mtu kwa nia ovu, na mtu huyo akiwa si mfungwa na akafa ndani ya mwaka mmoja na siku moja, adhabu ni kifo, bila chaguo jingine. Na kifungo ambacho upeo wake ni maisha kilihesabiwa kuwa kifungo cha maisha, hata kama kilianzia mwaka mmoja. Unganisha hayo: kijana aliyekiri wizi kwa matumaini ya kutoka mapema alijikuta, miaka 10 baadaye, katika kundi la watu ambao mahakama isingeruhusiwa hata kuwahurumia. California iliachana na mfumo huo kwa makosa mengi kwa sheria ya 1976, iliyoanza kutumika Julai 1977.

Kwetu Dedan Kimathi alinyongwa kama mhalifu, leo ana sanamu Nairobi. Si ni jambo lilelile? (Msomaji, Nyeri)

Linafanana kwa sehemu. Kimathi alihukumiwa Novemba 1956, na shtaka lenyewe lilikuwa kumiliki bastola na risasi chini ya sheria za hali ya hatari, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kundi lake, Mau Mau, lilibaki marufuku kisheria hadi 2003, na sanamu ikasimamishwa 2007. Hapo unaona jinsi neno "mhalifu" linavyoweza kuwa kazi ya serikali iliyopo madarakani.

Tofauti ni kwamba Kimathi aliingia mahakamani akiwa tayari kiongozi wa vita vya ardhi na uhuru. Jackson aliingia akiwa mwizi, siasa akaikuta ndani. Wanaharakati Weusi wa Marekani wenyewe waliutazama mfano wa Kenya: Desemba 1964, akiwa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, Malcolm X aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Mississippi na Harlem pia zinahitaji Mau Mau. Uhusiano upo, ila mfano wa Kimathi haumsafishi Jackson kwa yaliyotokea San Quentin.

Huku Meru, kijiji cha Imbaseni, aliishi Mmarekani Mweusi aliyewahi kufungwa miaka mingi, Geronimo. Naye alikuwa wa kundi hilohilo la Jackson? (Msomaji, Usa River)

Wote wawili walihusishwa na Black Panther, chama cha siasa cha wanaharakati Weusi wa Marekani, lakini kesi zao usizichanganye hata kidogo. Geronimo ji Jaga, aliyezaliwa Elmer Pratt, alitiwa hatiani mwaka 1972 kwa mauaji ya mwanamke mmoja yaliyotokea Santa Monica mwaka 1968. Shahidi mkuu alikuwa mtu aliyekuwa akipeleka habari kwa vyombo vya dola, na upande wa utetezi ulifichwa jambo hilo. Mwaka 1997 jaji aliitengua hukumu. Pratt alikuwa amekaa ndani miaka 27, na miaka 8 ya mwanzo alifungiwa peke yake. Mwaka 2000 alilipwa fidia ya dola milioni 4.5. Alifariki hapo Imbaseni Juni 2011.

Huyo hakuwa mwanamapinduzi aliyetenda jinai. Alikuwa mwanamapinduzi aliyebambikiwa kesi. Inauma kuona watu wanawaweka wote katika kapu moja, wakimpa Jackson usafi wa Pratt au wakimpaka Pratt damu ya San Quentin.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nataka wanafunzi wafanye mdahalo kuhusu Jackson, lakini nahofia utageuka kelele. Niupangeje? (Mwalimu, Songea)

Mwalimu, hofu yako ni ya haki, na chanzo cha kelele huwa ni mada yenyewe. Ukiandika "Jackson alikuwa mwanamapinduzi au mhalifu?", wa upande mmoja watasimulia barua zake za gerezani, wa upande mwingine watasimulia maiti, na hawatakutana popote. Andika mada inayopimika, kwa mfano: "Miaka 11 ya kifungo cha Jackson ilikuwa adhabu ya siasa zake kuliko ya makosa yake." Hapo pande zote zitalazimika kuzungumzia bodi, faili na sheria.

Kwa vipindi viwili vya dakika 40, yaani dakika 80, toa 10 za kusoma ukurasa mmoja wenye tarehe: 1960, 1966, Januari 1970, Agosti 1970, Agosti 1971, 1972, 1976, 1986. Kila upande uwe na wasemaji watatu, dakika 4 kila mmoja, jumla 24. Maswali ya ukumbini yapewe 25, kisha dakika 3 kwa kila upande kufunga hoja. Zinabaki 15 za kuandika.

Makosa matatu yatajitokeza, jiandae nayo. La kwanza ni tukio la 7 Agosti 1970, pale mdogo wake Jackson, Jonathan, mwenye miaka 17, alipoingia na silaha katika mahakama ya wilaya ya Marin, California, na kuteka watu. Walikufa wanne: Jonathan, wafungwa wawili waliojiunga naye, na Jaji Harold Haley. Wanafunzi watambebesha George tendo hilo. Wakumbushe kwamba siku ile alikuwa amefungwa na hakuwahi kuhukumiwa kwalo. Angela Davis, mwanaharakati ambaye bunduki zilikuwa kwa jina lake, alishtakiwa na akaachiwa huru Juni 1972.

La pili ni barua zake zilizochapishwa mwaka 1970. Ni ushahidi mzuri wa alivyofikiri, lakini zilipita mikononi mwa wakaguzi wa gereza zilipotumwa, na zikahaririwa kabla ya kuwa kitabu. Mwanafunzi asizitumie kuthibitisha nani alifanya nini Soledad.

La tatu ni kupima mtu kwa yaliyokuja baadaye. Upande mmoja utasema wafungwa wa gereza la Attica, New York, walifunga na kunyamaza kumwomboleza, kisha wakaasi Septemba 1971, na watu 43 wakafa, wengi wao kwa risasi za serikali. Upande mwingine utasema kundi aliloanzisha liligeuka genge la jela, na mwaka 1989 mtu wa kundi hilo alimuua Huey Newton, mwanzilishi mwenza wa Black Panther, mjini Oakland. Yote ni kweli, na yote yalitokea Jackson akiwa kaburini. Yaruhusu kwenye maswali ya ukumbini, usiyaruhusu kwenye hotuba kuu.

Katika zile dakika 15 za mwisho usiwapigishe kura ya nani kashinda. Kila mwanafunzi achague tukio moja kwenye ukurasa wa tarehe, aandike anaamini nini kuhusu tukio hilo, kisha aandike ni ushahidi gani ungemfanya abadili mawazo. Atakayeshindwa sehemu ya pili mrudishie karatasi.